Dalali Aliyenipangisha

Usiku wa kuamkia leo niliota ninapangishwa.

Sikuota ninatafuta chumba cha kupanga, wala kwamba nyumba yangu imepata wapangaji. Niliota kwamba nyumba yenyewe ni mimi, na dalali amesimama mlangoni, yaani karibu na sikio langu la kushoto, anawaambia watu, "Ingieni tu, msiogope. Mwenye nyumba hana neno."

Kabla sijafika mbali, niseme kwanza nililalaje. Naitwa Mkumbo. Mimi ni fundi wa kompyuta wa chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti hapa Singida. Ofisini tuna seva nne za kizamani. Moja ni ya mishahara, moja ya barua pepe, moja ya mizani, na ya nne hakuna anayejua kazi yake, ila tukiizima printa zote zinagoma. Juzi mkurugenzi wetu, Bi Msengi, alileta seva moja mpya na kuniagiza niweke ndani yake programu ya kugawa mashine.

Programu za namna hiyo huchukua seva moja ya chuma na kuifanya ijione ni seva nyingi. Kila moja humo ndani huamini kwamba ina prosesa yake, diski yake na kumbukumbu yake, kumbe zote zinakula sahani moja. Ni uongo, lakini ni uongo wa kitaalamu, na unaokoa umeme.

"Nitaiweka Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa imefungwa," nilimwambia Bi Msengi. "Usijali, nipo."

Shida ni kwamba jirani yangu Gwau nilikwisha kumwambia Jumamosi hiyo hiyo nitamsaidia kupaua nyumba yake. Usijali, nipo. Baba mkwe nilimwambia nitakuwa kwake asubuhi kupokea washenga wanaoleta posa ya mdogo wake mke wangu. Usijali, baba, nipo. Mimi si mwongo. Ninapomwambia mtu nipo, moyoni huwa nipo kweli. Miguu tu ndiyo hunichelewesha.

Halafu kuna Siwema, binti yangu wa darasa la nne. Leo shuleni kwao kuna maonyesho ya kazi za mikono, na yeye na mimi tumetengeneza kinu cha kukamua mafuta ya alizeti. Yaani yeye ametengeneza, mimi nimetoa jeki ya gari. Unaweka mbegu zilizopondwa kwenye kifuko cha kitambaa, kifuko unakitia kwenye kopo lenye matundu, kopo unaliweka chini ya jeki ndani ya fremu ya chuma, kisha unapiga jeki mpaka mafuta yachuruzike. Mkono wa Siwema unafika nusu ya kazi tu. Baada ya hapo jeki inakuwa ngumu na inataka mtu mzima.

"Baba, usipokuja halitatoka hata tone," aliniambia jana mezani.

Nilimjibu huku naangalia simu. Nadhani mnajua nilichomjibu.

Basi nikalala nimeshika kijitabu cha ile programu, kimefunguka kwenye sura ya Mahitaji ya Mfumo. Sura hiyo huwa siisomi. Miaka yote ya ufundi wangu nimekuwa nikibonyeza pale palipoandikwa "Nimesoma na ninakubali" kwa roho nyeupe kabisa. Usingizi ukanichukua, na dalali akabisha hodi.

Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kijivu lililotobolewa matundu ya kupitishia hewa. Ndani ya kifua chake feni ilikuwa inavuma taratibu.

"Mimi ndiye programu," akasema. "Nimekuja kukagua nyumba kabla sijaingiza watu. Ubongo upo?"

"Upo."

"Wa biti ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akanigonga kwenye kipaji cha uso kwa kidole na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Sitini na nne," akasema. "Wa zamani kidogo, lakini unafaa. Diski?"

Sikujua diski yangu iko wapi, lakini yeye alijua. Alifungua mbavu zangu za kulia kama mlango wa kabati, akachungulia, akarudi nyuma.

"Imejaa. Vitu gani hivi?"

"Tangazo la sabuni," nikasema. "Lilikuwa redioni nilipokuwa darasa la tano. Nalijua lote."

"Tulifute?"

"Acha. Nalipenda."

Dalali akaguna akafunga mbavu. Nilimwona anakosa raha, lakini madalali ni watu wasiokubali kupoteza nyumba. Akanizunguka, akanipima joto kwa kiganja, akasema feni yangu ni mbovu ila tutafungua madirisha. Kisha akashika ngozi ya nyuma ya sikio langu na kusimama ghafla.

"Una swichi hapa. Swichi ya kuruhusu kugawanywa. Imezimwa."

"Sijawahi kuigusa."

"Wengi huachwa hivyo tangu kiwandani. Itabidi twende kiwandani."

Kiwandani palikuwa jikoni kwa mama, Kiomboi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakoroga mlenda, na hakugeuka. Alikuwa na umri aliokuwa nao nilipokuwa mtoto, lakini miwani ilikuwa ile niliyomnunulia mwaka jana. Sikuona ajabu. Niliona tu kwamba miwani inampendeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo uliyekuja naye ni nani?"

"Ni dalali."

"Mwambie akae mbali na vyombo vyangu."

Dalali akasogea akakaa juu ya gunia la mkaa. Feni yake ikaanza kuvuta vumbi.

"Mama," nikasema, "eti nina swichi nyuma ya sikio."

"Unayo."

"Na imezimwa."

"Niliizima mwenyewe, siku ulipotolewa nje."

"Kwa nini?"

Mama akaonja mlenda, akaongeza chumvi.

"Kwa sababu swichi ya baba yako ilikuwa imewashwa," akasema.

Baba yangu alikuwa mtu wa watu, kila mmoja Kiomboi atawaambia hivyo. Hapakuwa na harusi bila yeye, wala kisima kilichochimbwa bila yeye, wala ugomvi uliosuluhishwa bila yeye.

"Msibani kwake," mama akaendelea, "walisimama mmoja mmoja. Kila mmoja alisema marehemu alikuwa wake, hakuwahi kumwangusha. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikasikiliza, nikawa najaribu kumkumbuka huyo mtu wanayemsema."

Nilitaka kumuuliza zaidi. Lakini nilisikia kitu kinasema "ti" nyuma ya sikio langu. Dalali alikuwa amekwisha kuinuka, na mkononi ameshika kijiti cha kiberiti.

"Tayari," akasema. "Imewaka."

Mama aligeuka kwa mara ya kwanza na kuniangalia. Alifunika sufuria, na jikoni pakazimika.

Sasa tuko ndani yangu. Ni ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji, na watu wanaingia na mabegi yao. Wote wana sura yangu. Wa kwanza amevaa kitambulisho cha ofisi. Wa pili amebeba nyundo. Wa tatu amevaa koti lile la harusi linalonibana kwapani. Dalali ana selotepu nyeupe, ile ile tunayotumia ofisini kuandika majina ya waya, na kalamu ya maka. Kila anayeingia anaandikiwa kipande chake na kubandikwa shingoni, nyuma, mahali asipoweza kupaona. MFANYAKAZI. JIRANI. MKWE.

"Mbona mimi hunibandiki?" ninauliza.

"Mwenye nyumba habandikwi. Hii ni ya wapangaji. Na usiwaambie kwamba ni wapangaji. Mpangaji wangu hatakiwi kujua kwamba ni mpangaji. Akijua, anaanza kuuliza kuhusu choo."

Anamshika Mfanyakazi bega. "Karibu," anamwambia. "Nyumba nzima ni yako." Anamgeukia Jirani. "Karibu. Nyumba nzima ni yako." Mkwe naye anaambiwa vivyo hivyo, na anashukuru kwa kuinama kidogo, maana ana adabu.

"Kumbukumbu umewapa kiasi gani?" ninamuuliza dalali kwa sauti ya chini.

"Yote."

"Yote umempa nani?"

"Kila mmoja."

Ninamweleza kwamba hesabu hiyo haiwezekani. Dalali ananiangalia kwa huruma.

"Hilo ni swali la watu wasiosoma sura ya mahitaji," anasema. "Huwa hawaamki wote kwa pamoja. Mmoja akilala, mwingine anatumia. Biashara yote imesimama hapo."

"Na wakiamka wote kwa pamoja?"

"Kwani wataamka pamoja lini?"

"Jumamosi."

"Na leo ni lini?"

"Jumamosi."

Feni ya dalali inaongeza kasi. Wakati huo mtu wa nne anaingia. Hana begi. Amevaa fulana yangu ya nyumbani, ile yenye tundu, na anasimama karibu na mlango bila kuuliza aketi wapi. Anaonekana amezoea kungoja. Dalali anakata kipande kifupi cha selotepu, anaandika BABA.

"Huyu tutampa kiwango cha chini kabisa," anasema.

"Kiwango cha chini kabisa kinatosha kitu gani?"

"Kuwaka."

"Na kufanya kazi?"

"Kijitabu hakisemi kufanya kazi. Kinasema kuwaka. Ungesoma."

Ningeweza kubisha, nyumba ni yangu, lakini nilikuwa nimebonyeza kwamba ninakubali.

Asubuhi ikaingia bila kupambazuka. Chumba cha seva cha ofisi kilikuwa pia sebule ya baba mkwe, na juu yake palikuwa paa la Gwau, halijawekwa bati. Baba mkwe alikuwa kochi la watu watatu lenye vitambaa vya kufuma. Hakuna aliyeshangaa. Nilimwamkia na akaitikia kutoka kwenye mto wa katikati. Washenga walikuwa wamekaa juu yake, wamenyoosha migongo, wanangoja kuulizwa wameleta nini.

Wapangaji wangu watatu wanaanza kazi kwa wakati mmoja. Mwanzoni mambo ni mazuri, hata ninajisifu kidogo. Kisha Mkwe anasimama mbele ya washenga na kusema kwa heshima zote, "Karibuni sana, shikeni kenchi za paa, msije mkaanguka."

Washenga wanashika meza.

Kule juu ya paa, Jirani anawaambia mafundi kwamba hawezi kuwapa misumari mpaka waingize neno la siri. Gwau anamtazama. Huku chini Mfanyakazi amepiga magoti mbele ya seva mpya na kuiuliza wazazi wake wanasemaje kuhusu mahari.

"Ni kawaida," anasema dalali, anajipepea na kijitabu. "Kumbukumbu imeisha, wanachukua ya wenzao. Itatulia."

"Baba yuko wapi?"

"Nani?"

"Yule wa nne."

Dalali ananionyesha kwa kidole, na pale alipoonyesha pakawa uwanja wa shule ya Siwema.

Meza zimepangwa kuzunguka uwanja. Kuna mtoto ameleta kikapu, kuna aliyeleta redio ya kadibodi. Siwema amesimama nyuma ya kinu chake, amevaa sare iliyopigwa pasi, mikono nyuma. Pembeni yake amesimama Baba mwenye fulana ya tundu, anatabasamu.

Mwalimu anauliza mashine hii inahitaji nini ili ifanye kazi. Siwema anajibu bila kusitasita.

"Mbegu za alizeti, kifuko, kopo, jeki, na baba mmoja."

"Wa aina gani?"

"Yeyote, mradi awepo."

Mwalimu anaandika hewani kwa kidole na kuitikia kwa kichwa, kwamba mahitaji hayo ni ya kawaida. Siwema anapiga jeki mpaka pale nguvu zake zinapoishia. Anajifuta jasho, anamgeukia Baba.

"Baba, sasa."

Baba anatabasamu. Machoni mwake kuna kiduara kidogo kinazunguka. Mkono wake umeinuka nusu na umebaki hapo hapo.

"Anapakia," inasema jeki.

"Nimezoea," anasema Siwema.

"Mimi ninainua tani mbili," inasema jeki, bila kumlenga mtu. "Naomba ieleweke kwamba tatizo halijawahi kuwa mimi."

Wanangoja. Watu wa meza za jirani wanaanza kutazama pembeni kwa adabu, na ile adabu yao inanichoma zaidi kuliko kama wangecheka. Hatimaye kiduara kinasimama. Baba anafungua mdomo na uso wake unajaa furaha ya kweli.

"Hongera, mwanangu," anasema. "Umetembea."

"Hiyo ni ya zamani, baba," Siwema anamwambia taratibu. "Nilitembea zamani. Leo ni mafuta."

"Hongera," anasema Baba. "Jina lako linakuja. Subiri kidogo, linakuja."

Hapo roho iliniuma sana. Sitaki kulizungushia maneno jambo hili: nilitamani kulia, na katika ndoto yangu sikuwa na mahali pa kulilia, kwa sababu macho yalikuwa yamepangishwa.

Nikamkamata dalali kwenye matundu ya koti. "Rudisha nyuma," nikamwambia. "Kijitabu kinasema unaweza kupiga picha ya mashine na kuirudisha ilivyokuwa. Hata mimi hilo nalijua."

"Picha zipo," akasema. Akatoa bahasha ya picha, zile za kusafishwa studio. "Chagua siku unayotaka kurudi."

Nikachagua Siwema anapozaliwa. Nipo pichani, kando ya kitanda, naangalia simu. Nikachagua siku yake ya kwanza ya shule. Nipo getini, simu sikioni, kidole kimeinuliwa kumwambia subiri. Sikukuu, nipo, naandika ujumbe. Nilipekua bahasha yote. Nilikuwepo katika picha zote, na niliona aibu kwa kila moja. Nilimrudishia bahasha yake.

"Basi zima wengine," nikasema. "Wazime wote watatu, kumbukumbu yote apewe yeye."

"Kwa heshima au kwa kuchomoa?"

"Tofauti yake nini?"

"Ukichomoa, kila ambacho hawajahifadhi kinapotea. Mkwe, kwa mfano, ana salamu za ukoo mzima hazijafika mahali. Kwa heshima ni lazima kila mmoja aage. Na kuaga ni wewe, mwenye nyumba, kwa sauti yako."

Akanipa mwiko wa mama. Ulikuwa bado una mlenda. Nikauweka sikioni, na kochi likaitika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Uko wapi?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kabla yangu. Neno "njiani" likanitoka likiwa limevaa viatu, likashuka sakafuni, likaanza kutembea kuelekea mlangoni kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. Dalali akalidaka na kulitia mfukoni. Niliona mfuko umejaa mengine ya aina hiyo hiyo, yote yangu, mengine yamechakaa soli.

"Baba," nikaanza tena, "sipo."

"Hupo wapi?"

"Sipo njiani. Wala sitakuja. Nilikuahidi wakati najua nina jambo la mtoto, na naomba uniwie radhi."

Kikasikika kitu kama springi inayoshusha pumzi.

"Ungesema tangu juzi," akasema baba mkwe. "Mume wa dada mkubwa wa mkeo yupo hapa tangu alfajiri, na hana kazi. Nilimzuia asikae kiti cha mbele kwa ajili yako."

Sikutegemea, lakini hilo nalo lilinichoma kidogo. Mkwe akainama, akajikunja mara mbili kama mwavuli, akaegemea ukutani.

Gwau hakuwa mpole. "Sawa," akasema kutoka paani. "Na mimi siku yako usinione." Akakata, na nilijua anamaanisha. Jirani akaweka nyundo chini na kujikunja. Bi Msengi alizungumza kutoka ndani ya seva mpya, kwa sauti ile ile ya vikao. "Kazi ya Jumamosi ni ya Jumamosi, Mkumbo. Jumatatu tutaongea." Mfanyakazi aligoma kujikunja. Alitaka kujua kama kuongea huko kutakuwa kwa kukaa au kwa kusimama. Nilimwambia sijui. Ilibidi nimkunje mwenyewe, na alikuwa mgumu kwenye shingo.

Ukumbi ukawa mtupu. Joto likashuka. Dalali hakufurahi.

"Umebaki na mmoja," akasema. "Mashine yenye mmoja tu hainihitaji mimi."

"Basi nenda."

"Nitajiondoa. Lakini nikishajiondoa, atakayeamka ni mmoja. Sijui yupi."

"Si mwenye nyumba?"

Dalali alikuwa anafunga vifungo vya koti. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anaomba radhi.

"Mwenye nyumba yupi?" akaniuliza. "Nimekupangisha tangu usiku, nimefungua kila mlango. Sikumkuta mtu."

Nikageuka kutazama uwanjani. Kiduara kilikuwa kimetoweka machoni mwa Baba. Alikuwa ameshika mpini wa jeki kwa mikono miwili. "Siwema," alisema, bila kutafuta, "shika kikombe." Jeki ikaguna. Siwema akainama na kikombe chini ya kopo, na mimi nikainama pia nione kama linatoka, na hapo nikaamka.

Dirisha lilikuwa wazi na kulikuwa kumepambazuka. Mke wangu, Tausi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kilemba cha kwenda kwao kwenye posa.

"Ulikuwa unaongea," akasema. "Ulikuwa unamwamkia mtu. Halafu geuka, una nini shingoni?"

Akavuta. Kiliuma, kama kinavyouma kitu kilichobandikwa kwenye vinyweleo kwa muda mrefu. Akanionyesha.

Ilikuwa selotepu nyeupe ya kuandikia waya majina. Kipande kifupi. Kimeandikwa kwa maka, herufi kubwa: BABA.

Nikaishika, nikaigeuza. Selotepu hiyo iko ofisini, ndani ya droo yangu, na ufunguo wa droo nimeuacha kwa mlinzi wa ofisi. Nyumbani kwangu hakuna kalamu ya maka. Nilijaribu kufikiri kitaalamu. Mwenye nyumba habandikwi. Na mpangaji hatakiwi kujua kwamba ni mpangaji, na mimi sasa najua, kwa hiyo ama dalali amekosea kazi yake, ama mimi ni kitu ambacho kijitabu hakikusema. Nilifika hapo nikaacha.

Simu ikatetemeka. Bi Msengi. *Uko wapi?* Vidole vyangu viliandika "Nipo nj" bila kuniuliza. Nikafuta. Nikakaa kitako, nikapiga simu tatu. Sitazisimulia, kwa kuwa zilikwenda karibu kama mlivyokwisha kusoma, isipokuwa baba mkwe hakuwa kochi. Jumatatu nitaongea na Bi Msengi. Gwau hajapokea salamu zangu mpaka sasa.

Nilipoweka simu chini, Siwema alikuwa mlangoni. Amevaa sare, imepigwa pasi. Amekumbatia jeki kwa mikono miwili, na fremu ya kinu ameiegemeza ukutani. Alisikia simu ya mwisho, sijui ni kiasi gani.

"Baba, usijali," akasema. "Nilishamwomba mlinzi wa shule. Amesema atanisaidia kupiga jeki."

Alilisema vizuri, bila kinyongo. Hilo neno la usijali alilisema kama mimi hasa, kwa sauti yangu, na kwa kasi yangu.

"Alimwomba lini?" nikamuuliza Tausi.

"Jumatatu," akajibu Tausi, bila kuniangalia. "Siku ile ya kwanza ulipomwambia utakuja."

"Mwambie mlinzi apumzike," nikamwambia Siwema. "Nipo."

Siwema alikuwa ameona selotepu mkononi mwangu. Akaweka jeki chini, akaja, akaisoma kwa midomo.

"Nani alikubandika?"

"Dalali."

Siwema hakuuliza dalali gani. Aliichukua ile selotepu, akanizunguka, akairudisha shingoni pale pale ilipokuwa, kisha akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka aliporidhika kwamba haitabanduka.

Halafu akaniinulia jeki nibebe. Sikujua kumbe ni nzito hivyo.